Picha Ile Ile, Jumapili Ile Ile

Waulize watu wazima wa Unguja, wale waliokulia Mkunazini, Malindi, Kikwajuni au Miembeni kabla deki za video hazijaingia majumbani, ni picha gani waliyoiona mara nyingi zaidi. Hawatakaa kufikiri. Mmoja atataja Awara, mwengine Mother India, wa tatu Sangam, na aliye mdogo kwao atakuja na Sholay. Ukiuliza waliiona mara ngapi, hesabu imewapotea siku nyingi. Badala ya kukujibu wataanza kuimba, na wataimba kwa Kihindi, ubeti kwa ubeti, ijapokuwa wengi wao hawakujifunza lugha hiyo popote isipokuwa kwenye viti vya Majestic na Empire, na baadaye mbele ya televisheni ya jirani.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Historia ya sinema huwa tunaisimulia kwa kutaja picha ilipotengenezwa, nani alicheza, na namna ilivyopokewa usiku wa kwanza. Kwa Unguja, usiku unaostahili kutazamwa zaidi ni ule wa tano, na wa kumi, na wa miaka ishirini baadaye. Picha zilizokaa katika vichwa vya watu wa kisiwa hiki ni zile zilizorudi. Zilirudi kwanza kwa sababu za biashara, kisha kwa uhaba, kisha kwa kuwa kituo cha televisheni hakikuwa na nyingine za kuonyesha. Na kila ziliporudi zilizidi kuwa mali ya watu wa hapa.

Sinema iliingia Zanzibar mapema. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa biashara ya kuhamahama: mashine, shuka jeupe, na uwanja wowote ulioweza kukusanya watu baada ya magharibi. Mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alikuwa miongoni mwa waliokipa kitu hicho makao, na mwaka 1921 Vuga ikapata jumba la Royal, lililochorwa na John Sinclair, Muingereza yule yule aliyechora jumba la makumbusho la Beit el Amani lililo karibu na hapo. Royal haikuwa banda. Lilikuwa jumba la heshima, la kwenda mtu amevaa. Katika miaka ya 1950 liliungua moto, na mahali pale pale likasimama jengo jipya, Majestic, lililomalizika 1955 kwa umbo la kisasa la zama hizo. Darajani kulikuwa na Empire, hatua chache kutoka sokoni. Upande wa Malindi watu wakaja kuwa na Cine Afrique. Kwa mji ambao mtu anaweza kuuvuka kwa miguu kabla kahawa yake haijapoa, hizo zilikuwa sinema nyingi.

Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Picha mpya ya Kihindi ilipotangazwa, habari zilifika Ng'ambo kabla ya mabango. Tikiti zilinunuliwa mapema, na walanguzi walizijua familia ambazo hazingekubali kukosa. Wanawake walijifukiza udi na kutoka na mabuibui yao, mama, dada, wifi na watoto kwa pamoja, na palikuwa na maonyesho ya mchana ya wanawake peke yao kwa wale ambao wenyewe au waume zao hawakutaka mchanganyiko. Ndani, aliyekaa juu na aliyekaa chini walitofautishwa na bei ya tikiti. Hilo si dogo ukikumbuka kwamba Afrika Kusini wakati huo rangi ya ngozi ndiyo iliyoamua mlango wa kuingilia. Katika majumba ya Unguja Mngazija, Mhindi, Muarabu, Mmanga wa dukani na mchukuzi wa bandarini walilia katika giza moja, kwa jambo moja, wakati mmoja. Mji uliokuwa ukigawanyika kwa siasa za vyama katika miaka ya 1950 haukuwa na mahali pengi pa namna hiyo.

Lakini picha mpya hazikuwa nyingi kiasi hicho, na sababu yake ilikuwa nzito kwa maana halisi. Picha ya Kihindi ya saa tatu ilikuja katika mikanda ya milimita 35, iliyozungushwa kwenye magurudumu ya chuma na kupakiwa ndani ya makopo. Kila gurudumu la kawaida lilikaa dakika kumi, au ishirini likiwa kubwa, hivyo picha moja ilikuwa shehena ya kubebwa na watu. Ilitoka Bombay kwa meli. Meli za Karanja na Kampala, ambazo wazee wa bandarini bado wanazitaja kwa majina, zilipita Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam zikiwa zimebeba abiria, viungo, vitambaa na makopo hayo. Nakala chache zilizofika Afrika Mashariki zilipokezanwa mji kwa mji. Nairobi ikimaliza, Mombasa inapokea. Mombasa ikimaliza, Tanga au Unguja. Kisha, mwenye sinema akiona wiki imekosa picha mpya, hufanya jambo lililo salama kuliko yote: huirudisha ile iliyojaza viti mwaka jana.

Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Picha mpya inaweza kuanguka. Awara haikuanguka hata mara moja.

Chumba cha mashine kinafaa kuingiwa kidogo, maana ndiko marudio yalikoacha alama zao. Palikuwa na mashine mbili. Moja ikiwa inapiga, fundi huvisha gurudumu linalofuata kwenye ya pili na kuwasha taa yake, iliyopata mwanga kwa cheche kali baina ya vijiti viwili vya kaboni. Kisha husimama akitazama pembe ya juu ya kulia ya pazia. Kidoto kikimulika mara ya kwanza, anaiwasha mota. Kikimulika mara ya pili, anabadilisha. Akiwa hodari, ukumbini hakuna anayejua kwamba kuna kilichotokea. Lakini mkanda uliopita katika mashine mamia ya mara huchakaa. Matundu ya pembeni huchanika, mchirizo wa mvua huonekana katikati ya uso wa mchezaji Nargis, na mkanda hukatika. Kila unapokatika, fundi huukata pale palipoharibika na kuunga kwa gundi, na sekunde mbili za picha hupotea milele. Ukumbini miluzi hupigwa, watu hupiga kelele kumwita fundi, na wale wanaoijua picha huendelea kusema maneno ya wachezaji kwenye giza mpaka mwanga urudi. Mtu aliyeiona picha hiyo hiyo mara nyingi alijua wimbo gani umepungua tangu safari ya mwisho.

Ilikuwa kawaida pia, katika miji ya Afrika Mashariki yenye kumbi zaidi ya moja, nakala moja kuonyeshwa kumbi mbili usiku mmoja. Sinema ya kwanza ikimaliza gurudumu, kijana wa baiskeli hulichukua mbio na kulipeleka ya pili, ambayo imeanza nusu saa baadaye. Pancha moja ilitosha kuwaacha watu mia kadhaa wakisubiri kujua kama bibi harusi ameokoka.

Awara inastahili kuzungumzwa kwa kirefu. Ilitoka Bombay mwishoni mwa 1951, ikiongozwa na Raj Kapoor, ambaye ndiye aliyecheza pia kijana Raj. Nargis alikuwa Rita. Na hakimu, Raghunath, alichezwa na Prithviraj Kapoor, baba yake Raj Kapoor wa damu. Hakimu huyo anaamini kwamba mtoto wa mwizi atakuwa mwizi na mtoto wa mungwana atakuwa mungwana. Kwa imani hiyo amemhukumu mtu asiye na kosa, Jagga, ambaye kwa uchungu anageuka jambazi kweli na kumteka mke wa hakimu, Leela. Mke anarudishwa akiwa mjamzito. Mume anaamini maneno ya watu na kumfukuza usiku wa mvua. Mtoto anazaliwa mtaani, analelewa kwa shida, na Jagga anamfundisha kuiba. Mwisho mtoto anasimamishwa mahakamani, baba yake mwenyewe akiwepo, na wakili anayemtetea ni Rita.

Sasa iweke picha hiyo Unguja ya miaka ya 1950. Ni jamii ambayo ukitaka kuoa, watu huuliza kwanza: ni mtoto wa nani? Wa ukoo gani? Mama yake alikuwa nani? Maneno ya majirani yalikuwa na uwezo wa kumtoa mwanamke nyumbani kwake. Wazazi ndio waliochagua, na kijana aliyependa nje ya uchaguzi huo alikaa nalo moyoni. Awara ilifika na kuyatoa yote hayo hadharani, kwa nyimbo, mbele ya mama na baba waliokaa safu moja na watoto wao. Mwanahistoria wa Kimarekani Laura Fair, aliyezungumza na watazamaji wengi wa zama hizo na kuandika juu ya mapenzi, picha za Kihindi na watu wa Unguja, ameonyesha jinsi picha hiyo ilivyowapa watu njia ya kujadili mambo ambayo adabu haikuruhusu yatajwe moja kwa moja. Kijana hakuweza kumwambia baba yake kwamba amekosea. Aliweza kusema kwamba yule hakimu amekosea.

Na mazungumzo ya namna hiyo hayafanyiki kwa kuiona picha mara moja. Mara ya kwanza mtu hushughulika na kisa. Kihindi hakijui, jirani aliyekulia na Wahindi anamnong'onezea, au anakisia kwa nyuso. Mara ya pili anazikamata nyimbo. Mara ya tatu anaona kumbe yule mama alijua, kumbe tangu mwanzo alikuwa akinyamaza kwa sababu fulani. Barazani jioni wanabishana: je, Leela angesema ukweli mapema, pasingetokea yote yale? Mmoja anamtetea hakimu. Wiki ijayo picha inarudi, na wote wanakwenda tena, kila mmoja akiwa na hoja yake ya kuithibitisha. Kurudi kwa picha kuliwapa watu nafasi ya kubadili mawazo.

Watu wa Unguja hawakuwa peke yao katika jambo hili. Awara ilipokewa kwa kishindo Umoja wa Kisovieti kuanzia 1954, ikapendwa China, Uturuki na nchi za Kiarabu. Lakini huko kwengine ilikuwa picha ya kigeni. Hapa, mji uliokuwa na meli za Bombay bandarini na familia za Kigujarati kila kichochoro, ilikuwa karibu zaidi na nyumbani kuliko picha yoyote ya Kiingereza. Mother India ya 1957, iliyomwonyesha Nargis akiwa mama mkulima anayempiga risasi mwanawe mwenyewe kulinda heshima ya kijiji, ilifika hadi kushindania tuzo ya Oscar. Kina bibi wa Unguja hawakuhitaji tuzo hiyo kujua uzito wake. Walikwenda na kanga ya pili mkononi kwa ajili ya machozi, na safari nyengine wakaenda tena na kanga.

Hapakuwa na Wahindi peke yao paziani. Misri ilileta waimbaji wake, na katika mji ambao taarabu yake ilikua ikiisikiliza Cairo, picha zenye Umm Kulthum, Mohammed Abdel Wahab au Farid al-Atrash zilikuwa pia darasa la muziki. Vijana wa kiume walikuwa na mambo yao: makaboi wa Marekani, kisha makaboi wa Kitaliano akiwemo Django wa 1966, kisha Bruce Lee, ambaye baada ya 1973 alizitia kumbi za pwani nzima katika mateke. Picha hizo nazo zilirudi. Lakini ukisikiliza nyimbo za pwani za miongo hiyo, utasikia alama ya Bombay kuliko nyengine zote. Waimbaji waliweka maneno ya Kiswahili juu ya sauti za Kihindi, na kule Mombasa Juma Bhalo alijenga jina kubwa kwa mtindo huo. Msikilizaji aliitambua sauti kabla ya ubeti wa kwanza kwisha, na utamu wake ulikuwa nusu katika maneno mapya na nusu katika kukumbuka picha ilikotoka.

Mapinduzi ya Januari 1964 yalibadili kila kitu kilichozunguka pazia. Majumba ya sinema yalitaifishwa. Wengi katika waliozoea kuagiza picha, kuzigharamia na kuzitangaza waliondoka kisiwani, wengine kwenda Dar es Salaam na Mombasa, wengine Uingereza, wengine Bara Hindi, na baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970 wengi wakaelekea Oman. Kumbi zilibaki wazi na watu waliendelea kujaa, lakini njia ya picha mpya ikawa nyembamba. Fedha za kigeni zilikuwa na kazi nyengine. Ndipo kurudia kulipoacha kuwa hesabu ya mwenye sinema na kuwa hali ya maisha. Picha ya zamani ilipigwa kwa kuwa ndiyo iliyokuwepo, na watu waliikubali, pengine kwa upendo zaidi, katika miaka ambayo sukari na mchele vilikuwa vya foleni.

Wenye mamlaka hawakuwa na raha na yote yaliyotoka paziani. Suruali za bugaluu, nywele ndefu na nguo fupi vilipigwa marufuku, na kijana aliyetoka sinema na mwendo wa steringi aliyemwona ndani aliweza kujikuta matatani kabla hajafika nyumbani. Serikali hiyo hiyo, hata hivyo, ndiyo iliyofanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia.

Kati ya 1973 na 1974 Zanzibar ilifungua kituo cha televisheni, na kilikuwa cha rangi. Kusini mwa Sahara hapakuwa na kingine cha rangi kabla yake. Afrika Kusini, pamoja na utajiri wake wote, ilikuwa haijawa na televisheni kabisa, ilianza 1976. Tanzania Bara ilisubiri mpaka 1994, kwa kuwa Mwalimu Nyerere aliona ni anasa isiyolifaa taifa maskini. Mpango wa Zanzibar ulikuwa wa Sheikh Abeid Amani Karume, aliyeuawa Aprili 1972 kabla ya kuuona ukikamilika. Aliyeufikisha mwisho ni Aboud Jumbe. Fedha zilitoka mashambani, kwenye mikarafuu. Indonesia, iliyotumia karafuu kwa wingi katika sigara zake za kretek, ilikuwa ikinunua kwa bei nzuri, na visiwa hivi vilikuwa na akiba yao wenyewe ya fedha za kigeni. Karafuu ndizo zilizojenga magorofa ya Michenzani, na karafuu ndizo zilizoleta rangi kwenye kioo cha Televisheni Zanzibar, TVZ kama ilivyoitwa na kila mtu.

Serikali iliweka seti za umma katika baadhi ya mitaa na vijiji, ili asiye na uwezo naye atazame. Kwa walio nayo nyumbani, televisheni haikuwa ya mwenye nyumba. Ilikaa sebuleni ndani ya kabati lake la mbao, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na ikifunguliwa watoto wa mtaa mzima walikuwa tayari wamekaa mkekani. Viatu vilijaa mlangoni. Waliochelewa walitazama dirishani kwa kupokezana, na mama mwenye nyumba hakuwa na njia ya kuwafukuza, maana mama zao walikuwa wamekaa ndani. Matangazo yalikuwa ya saa chache za jioni: habari, hotuba, taarabu, michezo ya kuigiza, katuni, na siku yake ikifika, picha.

Kituo kidogo cha kisiwa, chenye maktaba ndogo ya mikanda, hakina namna isipokuwa kurudia. Kwa hiyo kilirudia. Picha iliyoonyeshwa mwaka jana ilitangazwa tena kwa heshima zote, na hakuna aliyehama sebule. Bibi aliyeiona Empire akiwa mwari alikaa sasa na wajukuu na kuwatangulia: sasa mama atakuja, sasa atamkuta, msilie bado. Watoto walizijua picha za kabla ya kuzaliwa kwao. Hili halikutokea katika sinema kwa kiasi hiki, kwani sinema ilitaka nauli, tikiti, nguo na ruhusa. TVZ iliifikisha picha kwa aliyekuwa shamba, kwa mgonjwa kitandani, kwa mwanamke ambaye mume hakumruhusu kutoka usiku. Kizazi kimoja cha Unguja kilipata picha zile zile, kwa saa ile ile, na asubuhi yake shuleni hakuna aliyeulizwa kama ameiona.

Inashangaza namna tarehe zinavyokaribiana. Novemba 1972, Marekani, kampuni ya HBO ilianza kupeleka picha kwa waya katika nyumba za wateja 365 wa mji wa Wilkes-Barre, Pennsylvania. Ilikuwa televisheni ya kulipia, na kwa kuwa ilihitaji kujaza saa nyingi kwa picha chache, miaka ya 1980 Wamarekani wakaizoea kwa kurudia: The Beastmaster ya 1982 ilionyeshwa humo mara nyingi mno hata ikawa mzaha wa taifa, na leo watu wa umri huo wanaikumbuka kwa mapenzi ambayo picha bora zaidi hazikuyapata. Mtoto wa Pennsylvania aliyelipiwa na wazazi na mtoto wa Miembeni aliyekaa kwenye mkeka wa jirani walikuwa wakipata elimu moja. Mmoja alipewa na soko, mwengine na bei ya karafuu.

Bei hiyo haikudumu. Indonesia ilipanda mikarafuu yake, ikapunguza kununua, na katika miaka ya 1980 mapato ya Zanzibar yakaporomoka. Mwaka 1984, Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais wa Zanzibar, milango ya biashara ikaanza kufunguliwa. Bidhaa za Dubai zikajaa madukani, na ndani yake deki za video. Jamaa waliokuwa Muscat na Dubai walituma mikanda pamoja na vitenge na vipodozi. Waliokuwa wamebeba kumbukumbu za Majestic hadi Oman sasa walizirudisha picha hizo hizo kwao, safari hii ndani ya kasha la plastiki la kushikika kwa mkono mmoja.

Mkanda wa video ulikodishwa, uliazimwa, ulinakiliwa, na nakala ikanakiliwa. Rangi zilififia mpaka wekundu wa sari ukawa kahawia, na chini ya kioo mistari ilicheza. Maduka ya kukodisha yalijaa Amitabh Bachchan. Sholay, iliyotoka Agosti 1975 na kuonyeshwa miaka mitano mfululizo katika ukumbi wa Minerva kule Bombay, ilipata Unguja maisha marefu kuliko hayo kwa njia ya mikanda iliyochoka. Kila mtoto alijua kwamba Jai anakufa. Sheria ya watazamaji wetu ni kwamba steringi hafi, na hapa steringi anakufa mchana kweupe. Kwa hiyo mkanda ulirudishwa nyuma kwa kidole na kuangaliwa tena, na Jai akafa tena, na hakuna aliyesema inatosha. Kwa asiye na deki palikuwa na vibanda umiza, mabenchi na joto kali, na baadaye sauti ya mfasiri kutoka Dar es Salaam kama Lufufu, aliyezisimulia picha za kigeni kwa Kiswahili chenye chumvi nyingi hadi wengine wakamfuata yeye kuliko picha.

Majumba ya sinema hayakuyahimili hayo. Moja baada ya jengine yalipunguza maonyesho, yakafunga, yakageuzwa matumizi. Watalii wanaotembezwa Mji Mkongwe, uliotiwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, huonyeshwa milango ya nakshi, soko la watumwa, na nyumba inayohusishwa na Freddie Mercury. Beit el Ajaib ilipoporomoka Desemba 2020 dunia nzima ilihuzunika, na ilistahili. Majestic ilipokuwa ikiachwa iharibike, hapakuwa na kilio cha kiasi hicho, ingawa waliolia ndani ya Majestic ni wengi kuliko waliowahi kupanda ngazi za Beit el Ajaib. Hilo ni kosa la mizani. Jumba la wafalme na jumba walilolipia wananchi kwa senti zao yote mawili ni historia ya mji, na la pili lina mashahidi walio hai. Mipango ya kulifufua Majestic liwe kituo cha utamaduni imekuwa ikizungumzwa na kufanyiwa kazi na watu wanaojali majengo ya Zanzibar, na inafaa kuungwa mkono kwa nguvu kuliko ilivyoungwa mpaka sasa.

Pazia lenyewe halikufa. Tamasha la filamu la kimataifa la Zanzibar, ZIFF, lilianzishwa 1997 na kufanya maonyesho yake ya kwanza mwaka uliofuata, na tangu hapo Ngome Kongwe imekuwa sinema ya wazi kila msimu wake, ikileta picha za nchi za majahazi na kwengineko. Majumbani, ving'amuzi vimeleta chaneli nyingi kuliko saa za siku. Tamthilia za Kichina na za Kituruki zimetiwa sauti za Kiswahili, na ile ya Sultan iliyoonyeshwa na Azam ilizitoa familia barazani na kuzirudisha mbele ya kioo kwa saa moja, kwa muda. Lakini hakuna anayelazimika kungoja. Kila mmoja ana simu yake, na ndugu wawili wa kitanda kimoja wanalala wameangalia picha mbili zisizojuana.

Kuna kazi moja inayohitaji kufanywa, na wakati wake ni sasa. Fair aliikusanya sehemu kubwa ya habari hizi katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, lakini kitabu hicho ni cha Kiingereza, na waliomsimulia walisimulia kwa Kiswahili. Katika Nyaraka za Taifa kule Kilimani yamehifadhiwa magazeti ya zamani, Samachar likiwemo, yenye matangazo ya sinema ya miaka mingi. Mwanafunzi wa historia mwenye subira anaweza kufuata jina la picha moja toleo kwa toleo na kuona ilivyoondoka na kurudi. Matangazo hayo hayataji fundi aliyeunga mkanda, wala kijana wa baiskeli, wala mwanamke aliyelia mpaka akasahau kumfunika mtoto. Hao wako Kikwajuni, Mombasa, Muscat na London, na wanaozikumbuka Royal na Empire za mwanzo wameshapita miaka themanini. Kinasa sauti kimo ndani ya kila simu, na wazee wenyewe wakishaanza wimbo wa Awara hawahitaji kuulizwa swali la pili.